Kabla hujaandika "amri": neno order kwa wanaoanza kazi za maandishi Dodoma

Wadogo zangu mnaoripoti field kwenye ofisi za serikali za Mtumba, Kiingereza kitakachowasumbua si kile cha maneno marefu. Marefu mtayatafuta kwenye kamusi, na mengi yana maana moja. Chungeni order, neno ambalo kila mtu anadhani alishalimaliza shule ya msingi.

Asili yake ni Kilatini, ordo, yaani safu. Vitu vikikaa kwa safu pana mpangilio. Watu wakikaa kwa safu pana utulivu. Anayewapanga anatoa amri. Shida ni kwamba vijana wanaikimbilia hiyo ya mwisho, wakati kwenye makabrasha ya ofisini ndiyo adimu.

Chukueni standing order. Afisa utumishi akikuuliza kama umeisoma, anazungumzia Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009: likizo, uhamisho, posho za safari. Ukija mjini pale bungeni, ni Kanuni za Kudumu za Bunge. Ingia benki sasa: standing order ni maelekezo unayowapa wakate kiasi fulani kila mwezi na kukipeleka kwingine, tuseme kwa mwenye nyumba wako wa Nkuhungu. Hapo anayeelekeza ni wewe mwenye akaunti, na unaweza kuisitisha. Niliwahi kuletewa barua ya benki iliyotafsiriwa "kanuni ya kudumu ya mteja". Mteja gani huyo mwenye kanuni?

Bungeni nako hapaishi vituko. Mbunge anaposimama na kusema "Kuhusu utaratibu", Kiingereza chake ni point of order. Spika kule London akipaza sauti "Order! Order!" anataka utulivu tu. Order paper ni orodha ya shughuli za siku. Kanuni, utaratibu, utulivu, orodha, zote ndani ya ukumbi mmoja, na "amri" bado haijagonga mlango. Mbunge akiambiwa yuko out of order, amekiuka utaratibu. ATM ikiandikwa hivyohivyo, ni mbovu, tafuta nyingine.

Sasa stoo, ambako neno hili linagusa fedha. Mzabuni ameleta rimu za karatasi na wino wa printa. Anakupa hati ya kupokelea mzigo usaini, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, pameandikwa received in good order and condition. Nimeona ikigeuzwa "vimepokelewa katika mpangilio mzuri", kana kwamba tunawasifu wapakiaji kwa kupanga maboksi garini. Maana yake vimefika vikiwa kamili na katika hali nzuri. Fungua maboksi kwanza. Ukisaini hapo huku rimu mbili zimelowa, umeshakiri kwa mkono wako kwamba hazikulowa, na kudai baadaye itakuwa kazi. Karatasi iliyoanzisha safari hiyo ni LPO (Local Purchase Order), hati ya ofisi ya kuagiza bidhaa kwa mzabuni. Ununuzi wa serikali siku hizi unapita kwenye NeST, mfumo wa ununuzi wa kielektroniki, lakini wafanyabiashara bado watakuuliza, "LPO yangu imetoka?" Usihangaike kuwatafsiria.

Mtaani neno limeshakuwa oda, na mimi sina ugomvi nalo. Fundi seremala ana oda ya vitanda, mkulima wa zabibu Hombolo ana oda ya mnunuzi. Kwenye barua rasmi wengi hukimbilia "agizo", na hapo kuwa mwangalifu, maana kwetu agizo la Waziri ni jambo la kutekelezwa na kutolewa taarifa. Ukiandika "agizo la viti 40", msomaji atajiuliza ni kiongozi gani kasema. Andika "viti 40 vilivyoagizwa", yaishe.

Mahakamani, ndiyo, court order ni amri ya mahakama. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, "amri" ya aina hii mtakutana nayo. Kwa watawa order ni shirika, kwa padri holy orders ni daraja takatifu, kwa mwanabiolojia ni oda, ngazi iliyo juu ya familia.

Mara nyingi vijineno vinavyolizunguka ndivyo vinavyokata shauri. In order to ni "ili" tu. By order of ni "kwa amri ya". On order maana yake kimeagizwa, hakijafika, kwa hiyo usikiingize kwenye leja ya vilivyomo stoo.

Na mkiona in the order of 40 million shillings kwenye andiko la mradi, hiyo ni "takriban shilingi milioni 40". Msiliache hilo "takriban". Likidondoka, makadirio yanageuka kiasi kamili, na mkaguzi akija atawauliza risiti za milioni 40 zisizopungua hata shilingi.