Barua kwa mwanangu: Kiara hakumkosea baba yake

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unasema umetazama tena The Lion King II: Simba's Pride, ile filamu ya katuni ya mwaka 1998 tuliyoirudia mpaka mkanda ukaanza kukwaruza, na safari hii mtoto wa dada yako alikuwa mapajani mwako. Kisha ukaniuliza: "Baba, Kiara, binti wa mfalme Simba, alipomfuata Kovu, kijana wa kundi la maadui, alimvunjia baba yake heshima? Na mimi nikifanya kama yeye, utasema nimekuvunjia?"

Najua hukuwa unauliza habari za simba. Lakini acha nianzie huko, maana huko ndiko ulikonikamata.

Jana usiku niliitafuta, nikaitazama peke yangu. Ulipokuwa mdogo nilikuwa upande wa Simba bila hata kufikiri. Ana binti mmoja tu, na binti huyo anapotea njia anaingia nchi ya waliofukuzwa, anapata rafiki huko. Baba gani asingeogopa? Kiara anapomuuliza itakuwaje asipotaka kuwa malkia, Simba anamjibu kwamba hilo limo damuni mwake, kulikataa ni kama kukataa kuwa simba. Anamfundisha kwamba wao ni kitu kimoja. Maneno hayo hayo nilikuwa nikikwambia wewe kila ulipogombana na ndugu zako. Sikujua kwamba iko siku yatanirudia.

Sisi wenye Kiswahili tunayajua mengi kabla hadithi haijaanza. Kovu, Vitani, Nuka: mama yao, Zira, amewabandika watoto wake chuki yake mwenyewe, nao wanaitikia kila wakiitwa. Kovu anabebeshwa jina la jeraha lisilo lake, maana Scar, yule ami yake Simba aliyenyakua ufalme, ambaye jina lake kwa Kiingereza ndilo kovu, hakuwa hata baba yake mzazi. Simba anamtazama usoni anamwona adui wa zamani. Mtoto wa nyoka ni nyoka, basi, kesi imekwisha. Ni kweli kijana alitumwa aje kumwua mfalme. Lakini moyo wake ulikuwa umeshageuka, na siku Simba aliposhambuliwa yeye hakuwa na habari. Akafukuzwa mbele ya wanyama wote. Na aliyemfukuza ni Simba, ambaye katika filamu ya kwanza, ya mwaka 1994, alifukuzwa akiwa mtoto kwa kifo cha baba yake ambacho hakukisababisha! Hilo sikuwahi kuliona miaka yote ile. Nililiona jana, na lilinichoma.

Halafu kuna pale kwenye maji. Kiara na Kovu wameinama, wanaziona nyuso zao majini, nusu ya huyu na nusu ya yule, zimeungana zikawa uso mmoja. Kovu anasema waondoke, waende mbali wakaanzishe kundi lao. Ni rahisi, na hakuna wa kuwazuia. Kiara anakataa. Anasema lazima warudi, kwa sababu wakikimbia, yale makundi mawili yatabaki yamegawanyika milele.

Nikaisimamisha filamu hapo, nikakaa gizani kwa muda.

Hadithi hii imechotwa kwa Romeo na Juliet wa Shakespeare, nawe unajua wale wawili waliishia wapi kwa mapenzi ya kujificha. Kiara anayapeleka ya kwake nyumbani, katikati ya vita, mvua ikinyesha, baba upande huu na Zira upande ule. Anamkumbusha Simba kwamba mfalme mwenye hekima aliwahi kumwambia wao ni kitu kimoja. Kisha anamwambia awatazame wale anaowaita maadui, amwonyeshe tofauti yao iko wapi. Simba anatazama, na hana la kumjibu.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: hakumkosea. Alilishika neno la baba yake wakati baba mwenyewe amelisahau. Mimi nilidhani wajibu wa mtoto ni kunyamaza. Na utakumbuka mwisho wa Zira: ananing'inia juu ya mto, Kiara anamnyooshea mkono, naye hautaki. Akazira, kama jina lake. Nilimtazama yule mama akianguka nikajiona mimi.

Maana na mimi nimezira, mwanangu. Ugomvi wangu na baba wa kijana wako ulikuwa wa fedha, tulipofanya biashara pamoja, na nimeusimulia mezani miaka mingi hadi ninyi watoto mkaweza kuumalizia mimi nikianza. Wakati ule kijana mwenyewe hata shule alikuwa hajaanza. Lakini uliponitajia jina lake, swali langu lilikuwa moja tu: "Wa nani?" Uliponijibu, nikaondoka na chakula nimekiacha. Usiku mama yako akaniambia, "Hujawahi hata kusikia sauti yake." Nala, mke wa Simba, naye alimwambia mumewe maneno yanayofanana na hayo, kwamba atamjuaje kijana bila kumpa nafasi. Nilijifanya nimelala.

Ungeweza kwenda zako. Una kazi yako, una akili zako, usingehitaji ruhusa yangu. Badala yake ukakaa chini ukaniandikia. Nimeuona uzito wa jambo hilo, na sitaki ufikiri haukuonekana.

Siahidi kwamba nitampenda. Baba yake sijamsamehe, na sitajifanya nimemsamehe ili barua hii ipendeze. Ila nina jambo ninalotaka kumuuliza kijana, kwa nia njema kabisa: kwao wanaisimuliaje hadithi ile? Bila shaka katika nyumba ile Scar ni mimi, na yeye amekua akilisikia jina langu kama wewe ulivyokua ukilisikia la baba yake. Hata hivyo anakupenda. Ningependa kujua alifikaje hapo, maana mimi, mtu mzima, bado sijafika.

Mlete Jumamosi. Mwambie haji kujibu mashtaka ya baba yake, aje kama yeye. Mama yako nimeshamwambia, na kiti kile kilichokuwa na makaratasi yangu nimekiondolea makaratasi. Nitakuwepo mezani, na safari hii siondoki.

Baba yako.