Shali Haishonwi

SWALI: Mimi hushona shali za sufu huku Njombe na kuziuza kwa wateja wa kwenye simu. Nimeshona moja rahisi, nzito, ya kona tatu, ya kujifunika jioni baridi ikianza. Katika tangazo niandike "shali ya pembetatu" au "shali ya pembe tatu"?

JIBU: Andika "shali ya pembetatu", neno moja, kwa kuwa unataja umbo. Ukiwa unahesabu kona zake, tenganisha: "shali hii ina pembe tatu". Swali lako limekwisha. Sasa njoo kwenye neno ulilolitumia mara mbili bila kupepesa macho.

Ndugu yangu, hukushona kitu.

Kushona ni kuunganisha vitu ambavyo tayari vipo. Fundi cherehani huletewa kitambaa, akakata, akaunga, akapinda upindo. Fundi viatu hushona soli iliyoachama. Wewe uliletewa uzi mtupu. Ukaanza na vitanzi vitatu kwenye sindano moja, ukachomeka ncha ya sindano ya pili ndani ya kitanzi, ukazungusha uzi, ukauvuta upite katikati, ukapata kitanzi kipya na kile cha zamani ukakiachia. Kila mstari ukaongeza kitanzi kimoja mwanzoni. Baada ya mistari 100 una vitanzi 103, na ile kona uliyoanzia ndiyo ncha itakayoning'inia mgongoni. Kitambaa kimepatikana mahali ambapo hapakuwa na kitambaa. Kazi hiyo inaitwa kufuma. Hata sindano zenyewe zinakusuta: ya fundi ina tundu la kupitishia uzi, zako hazina.

Mtu akiniambia ameshona shali ya pembetatu, ninachoelewa ni kwamba alinunua kitambaa dukani, akakikata mshazari, akapitisha cherehani kwenye kingo, akaenda kunywa chai. Wewe umekesha na bunda la uzi mapajani, halafu unajipunja mwenyewe kwa kitenzi. Mteja akikwambia bei yako kubwa kwa kazi ya kushona, usinililie.

Kinachonichosha zaidi ni kwamba neno tunalo, na tunalitumia vizuri pale tusipofikiri. Vile vyeupe vinavyotandikwa kwenye makochi, vya krosheti, kila nyumba inaviita "vitambaa vya kufuma". Mama huyohuyo akiinuka hapo kochini kwenda kumtafutia mwanawe sweta, anapita chini ya bango lililoandikwa "Tunashona sweta za shule", na ndani kuna mashine ya kufumia inayokwenda kushoto na kulia mchana kutwa. Benki nako wanakwambia "mfumo uko chini". Mfumo umetoka wapi kama si kwenye fuma? Hakuna karani aliyewahi kusema mshono uko chini.

Nashuku magazeti ya udaku yana mkono hapa. "Amfuma mumewe gesti!" Watu wanaona haya kutangaza kwamba wanafuma. Lakini hiyo ni fuma nyingine, ya mshale na mkuki, ya kulenga na kupata. Yako ni ya mfumaji, yule wa kitanda cha mfumi, yaani mtambo wa kufumia nguo, aliyejua mtande na mshindio, nyuzi za urefu na za upana, tangu zamani za vikoi.

Kuhusu asili, kwa ufupi: sufu ni ya Waarabu, shali ni ya Waajemi. Ukipenda kuiita mtandio sitakukatalia, ingawa kwangu mtandio ni mwepesi, wa kujitanda kichwani, na baridi ya Njombe itaucheka.

Wanaosema "kusuka shali" siwagombezi sana. Husukwa ukili wa mikeka, husukwa nywele, na angalau msusi naye anaunda kitu. Najua pia kuna msomaji ameshanoa kalamu aniandikie: mbona mshono wa suruali ukiachia tunasema "umefumuka", na nywele zilizosukwa "tunazifumua"? Ni kweli. Fumua imetoka nyumbani kwake ikaenda kuishi kwa majirani. Kwa mshono tulikuwa na shonoa, neno zuri kabisa, ila sasa ukilitamka dukani fundi anakutazama kama umemtukana. Kwa hilo nimesalimu amri. Fumua na ivunje kila kitu. Ninachokataa ni shona kujenga kila kitu.

Basi tangazo lako liwe hivi: "Shali ya pembetatu, ya sufu, imefumwa kwa mkono." Hayo maneno mawili ya mwisho usiyaache, ndiyo yanayobeba bei. Na ukitaka kubandika kilebo chenye jina lako pale pembeni, hicho kishone.