Msimulizi wangu anaijua siri, msomaji haijui. Nimekosea wapi?

SWALI: Mhariri, habari ya kazi. Naandika riwaya ya taharuki. Msimulizi ni binti anayeishi na baba yake Buruburu. Mama, aliyefunga naye ndoa kanisani, alifariki, na baada ya mazishi baba aliandika wosia unaompa binti nyumba. Sasa anataka kufunga ndoa ya kiserikali na mwanamke wa hapa mjini. Binti anajua tangu mwanzo kwamba baba alishatoa mahari kisirisiri kwa mwanamke wa Machakos, lakini mimi nimelificha jambo hilo hadi sura ya mwisho. Wenzangu waliosoma mswada wanasema nimewachezea. Nikiitoa siri mapema, si taharuki itakufa?
Msomaji, Umoja, Nairobi

JIBU: Itoe, dada. Ikiwezekana, sura ya kwanza.

Kilichowaudhi wenzako ni nafsi uliyochagua. Anayesimulia kwa “mimi” amemfungulia msomaji kichwa chake. Akimwona baba anajaribu suti ya harusi, hawezi kukosa kumfikiria yule wa Machakos, nawe umemziba mdomo kitabu kizima. Ukitaka kuficha hadi mwisho, hamia nafsi ya tatu, au simulizi umpe mdogo wake asiyejua lolote. Ni njia halali, ingawa mimi sizipendi sana: utapata mshtuko wa ukurasa mmoja, basi.

Taharuki humtaka msomaji aione hatari mapema, kisha ahesabu siku. Na siku unazo bila kubuni. Ndoa ya kiserikali huhitaji notisi kwa msajili si chini ya siku 21 kabla ya kufungwa, na mwenye sababu anaweza kuweka pingamizi. Kutoka Buruburu hadi mjini ni matatu moja. Mbona binti haendi Sheria House, kwa msajili, akaivunja harusi?

Mswada wako hauna jibu la swali hilo. Sheria inalo. Kifungu cha 19 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinasema wosia hutanguka aliyeuandika anapofunga ndoa, isipokuwa uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo na kumtaja mwenzi. Kwa hiyo harusi ikifanyika, nyumba iko mashakani. Akienda kuipinga, lazima athibitishe ndoa ya kimila na yule wa Machakos, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema hata mahari kidogo ya kuanzia yatosha kuithibitisha. Lakini ndoa hiyo nayo ni ndoa! Wakili yeyote macho atasimama aseme wosia ulitanguka siku ile, Machakos. Binti abaki na njia moja: kuivunja harusi bila kumtaja yule wa Machakos. Atamtisha baba? Atamzushia bibi harusi? Hapo ndipo ningekaa sura nane au kumi. Mpe baba presha pia, asije akapata nafasi ya kuandika wosia mwingine. Si lazima imuue.

(Kama familia hii ungeifanya ya Kiislamu, hesabu yote ingebadilika, maana urithi wao hufuata sheria yao. Na kabla ya kuchapa, mpe wakili asome sura za mahakamani.)

Cha kuficha hadi mwisho ni kile ambacho binti mwenyewe hakijui, na nadhani unacho tayari: tarehe ya mahari. Anaamini yalitolewa baada ya wosia. Aje agundue, labda kwa mjomba aliyekuwa miongoni mwa wazee siku hiyo, kwamba yalitolewa mama angali hai. Aliye katika ndoa ya kanisani hawezi kuoa mwingine, kwa hiyo wakili wa binti sasa ana hoja kwamba Machakos hapakuwa na ndoa yoyote na wosia umesimama. Ila ili aitumie hoja hiyo, itabidi asimame mbele ya hakimu, shangazi zake wakisikiliza, aeleze baba alivyomfanyia mama.