Mapango ya Mogao, Dunhuang: kata tiketi ya mapango kwanza, ndege ije baadaye

Mkuu, umeuliza hivi: unamaliza maonyesho ya biashara ya Canton pale Guangzhou mwishoni mwa Oktoba, unabakiwa na siku nne kabla ya ndege ya kurudi Dar, na unataka kuyaona mapango ya Mogao yenye michoro ya Kibudha, karibu na mji wa Dunhuang, kule jangwani mkoani Gansu, kaskazini-magharibi mwa China. Unauliza ukate ndege ipi.

Wakati umeuchagua vizuri. Likizo ya taifa ya wiki ya kwanza ya Oktoba imepita na joto la kiangazi limekatika. Dhoruba za mchanga ni za Machi hadi Mei zaidi. Ila ndege isiwe jambo la kwanza. Tiketi za Mogao hufunguliwa mtandaoni siku 30 kabla, na za treni za China siku 15 kabla. Kwa hiyo shika siku ya mapango kwanza, halafu panga safari kuizunguka. Wanaofanya kinyume hufika Dunhuang wakakuta siku yao imejaa.

Tiketi unayoitaka ni aina A. Kuanzia Aprili hadi Novemba bei yake ni yuan 238, na maelezo kwa lugha ya kigeni huongeza yuan 20. Ndani yake kuna filamu mbili za dakika 20 kila moja, basi la kwenda na kurudi, na mapango 8. Kwa siku hutolewa 6,000 tu. Zikiisha ndipo inauzwa aina B, yuan 100, mapango 4, bila filamu, maelezo kwa Kichina na foleni inayosukumana. Ukiweza kuhamisha siku, hamisha siku, B iache. Kiingereza nacho kina makundi machache tu kwa siku na kila kundi lina saa yake, basi chagua kundi kabla hujapanga kitu kingine siku hiyo.

Jina liandike kama lilivyo kwenye pasi, majina yote, kwa mpangilio uleule, pamoja na namba ya pasi. Ukibadilisha pasi katikati, tiketi inakuwa ya mtu mwingine. Mageti mengi ya kujihudumia hayasomi pasi zetu, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye dirisha lenye mhudumu.

Sasa usafiri. Kutoka Guangzhou ndege nyingi hupitia Xi'an au Lanzhou, na siku nzima inakwisha. Ukipenda treni kutoka Lanzhou, ni zaidi ya kilomita 1,000 kando ya milima ya Qilian, safari nzuri sana, lakini kwa siku nne usiifanye kwenda na kurudi. Kosa linalowapata wengi ni kituo. Liuyuan si Dunhuang. Liuyuan iko kilomita 120 na zaidi kaskazini, na ukishuka pale una saa mbili za gari kwenye changarawe tupu. Hakikisha tiketi imeandikwa Dunhuang. Kibali maalumu kama cha Tibet hakihitajiki, viza yako inatosha.

Siku yenyewe usikimbilie mapangoni. Mwenye tiketi A huanzia kwenye kituo cha filamu, karibu na stesheni ya treni, na saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya pale. Fika nusu saa kabla. Basi linakupeleka mapangoni baada ya filamu. Jumla yote tenga saa nne. Kumbuka China nzima inatumia saa ya Beijing: mwishoni mwa Oktoba, saa mbili asubuhi ndiyo kwanza jua linachomoza Dunhuang, na baridi ya asubuhi hukaribia nyuzi sifuri. Koti zito, mafuta ya midomo, maji. Hewa kavu ile hupasua midomo na kutoa damu puani.

Ndani, picha haziruhusiwi kabisa. Mwongozaji ana tochi na yeye ndiye mwenye funguo na uamuzi wa pango gani mnaingia. Karibu kila kundi huonyeshwa pango la 96, lenye Buddha wa mita 35.5, na la 17, kijichumba ambamo mwaka 1900 mtawa wa Kitao, Wang Yuanlu, alikuta makumi ya maelfu ya hati. Mtafiti Aurel Stein wa Uingereza alichukua shehena yake 1907, Mfaransa Paul Pelliot 1908, na kitabu cha Kibudha kilichochapwa mwaka 868 kilichotoka humo kiko London hadi leo. Ukichungulia, hati hazimo tena, imebaki sanamu ya mtawa Hongbian.

Jambo ambalo wasomaji wa kwetu huuliza sana: mbona kwenye mapango ya kale, ya enzi ya ufalme wa Wei ya Kaskazini (karne ya tano na ya sita), watu wana ngozi nyeusi? Si watu weusi. Mchoraji aliipaka ngozi waridi, akaikoleza pembeni ili uso uonekane umejaa. Rangi zile zilikuwa na madini ya risasi, na kwa karne nyingi zimegeuka kahawia hadi nyeusi. Nyeupe iliyowekwa machoni na puani haikugeuka hivyo, ndiyo maana unaona alama nyeupe zinazong'aa kwenye uso mweusi. Linganisha na buluu ya jiwe la Afghanistan na kijani cha shaba hapohapo pembeni: zimebaki mbichi.

Sanamu nazo ziangalie zilipovunjika. Mwamba wa pale ni kokoto zilizoshikana, hauchongeki kwa undani. Wakatengeneza kiunzi cha mti, wakafunga matete, wakakandika udongo, ndipo rangi. Kuta vilevile ni lipu ya udongo na majani makavu.

Lipu hiyo inaliwa na chumvi, kama kuta za nyumba zetu za pwani. Chumvi imo mwambani, unyevu unaiyeyusha, ikikauka inaganda chini ya rangi na kuibandua. Kila pumzi ya mgeni inaongeza unyevu. Ndiyo sababu ya kikomo kile cha tiketi kwa siku, na ndiyo sababu mvua au vumbi likija mapango hufungwa. Kwa hiyo Mogao iweke siku ya pili, ya tatu ibaki ya akiba. Yasipofungwa, siku hiyo nenda mapango ya Yulin kwa gari la kukodi. Ni mbali, karibu saa mbili na nusu kila upande, lakini watu ni wachache na pango la 25 lina michoro ya enzi ya Tang (karne ya saba hadi ya kumi) iliyotunzika ajabu. Vilima vya mchanga na ziwa lenye umbo la hilali viko ukingoni mwa mji, jioni moja inatosha.

Kwa Waislamu: tafuta migahawa yenye kibao cha kijani na neno 清真 (qingzhen, yaani halali). Tambi za manjano zinazosifiwa sana pale mjini, lürou huangmian, huliwa na nyama ya punda.