Re: Naminya ambu lakini kifua cha mdoli hakipandi

Dada, umeuliza kama uongeze nguvu unapominya ambu, ule mfuko wenye maski wa kumpulizia hewa mtoto mchanga asiyepumua, maana kifua cha mdoli wa mazoezi hakipandi. Hapana, kwa mtoto wa kweli nguvu hiyo inaweza kupasua mapafu. Mara nyingi hewa inavujia pembeni ya maski. Sikiliza karibu na pua, utasikia "fss". Gumba na kidole cha shahada vikae juu ya maski kama herufi C, vitatu vilivyobaki vinyanyue taya ili lifuate maski. Wengi wetu tunakandamiza maski usoni, ndipo tunapokosea. Kichwa kiwe kama kinanusa, kisipinde nyuma sana. Pumzi 40 hivi kwa dakika. Mimi huhesabu "minya, mbili, tatu".

Mafunzo ya siku moja hayatoshi. Leba kwetu mdoli yuko mezani, anayeingia zamu anaminya kwanza, chai baadaye.