Kuhusu uso mkavu wa Kapteni Ri
Ndugu, umeuliza kama uendelee na tamthilia ya Kikorea "Crash Landing on You", ilhali mwigizaji wake mkuu, Hyun Bin, kwa maoni yako, ana uso mkavu usioonyesha mapenzi. Ningekushauri uendelee, kwa sababu ukavu huo ni wa mhusika mwenyewe, Kapteni Ri Jeong-hyeok, ofisa wa jeshi la Korea Kaskazini aliyeacha piano baada ya kifo cha kaka yake, na mtu wa namna hiyo hamwagi hisia zake hovyo. Tazama tukio la sokoni usiku: Se-ri, mwanamke anayempenda, amepotea gizani, naye Kapteni Ri anasimama katikati ya umati akiwa ameinua mshumaa wenye manukato, kwa kuwa awali alimletea wa kawaida. Maneno ni machache mno, na bado yanatosha. Uchangamfu wote ameubeba Son Ye-jin, anayeigiza Se-ri, ingawa mara mojamoja hutia chumvi. Usiwapuuze majirani wa kijijini, hasa mwigizaji Kim Sun-young, ambaye kwangu mimi anawapita wote. Ila kama unatazama toleo lililotiwa sauti za watu wengine, achana nalo, kwani uigizaji wa Hyun Bin umo zaidi katika sauti kuliko usoni.