Kwa Nini Hakuzichoma Picha Zile

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kutoka Munich kwamba umeziona picha za mchoraji Mrusi Kandinsky katika jumba la makumbusho la Lenbachhaus, na unauliza kwa nini Gabriele Münter, mwanamke aliyeachwa naye, alizitunza badala ya kuzichoma. Jibu langu ni kwamba Münter alikuwa mchoraji, na alijua thamani ya kile alichokuwa nacho.

Alizaliwa Berlin mwaka 1877. Chuo cha Sanaa cha Munich hakikupokea wanawake enzi hizo, kwa hiyo alisoma katika shule ya chama cha wasanii wanawake, kisha akajiunga na shule ya Phalanx, ambako Kandinsky alikuwa mwalimu wake. Mwaka 1908 walifika pamoja Murnau, mji mdogo ulio karibu na milima ya Alps, na huko ndiko mkono wa Münter ulikofunguka: alianza kuchora nyumba na milima kwa rangi kali zilizozungushiwa mistari mizito myeusi, akijifunza pia kutoka kwa mafundi wa kienyeji waliochora nyuma ya vioo. Mwaka 1909 alinunua nyumba hukohuko, na Desemba 1911 picha zake zilitundikwa katika maonyesho ya kwanza ya kundi la wasanii la Blaue Reiter.

Vita vya 1914 vilimlazimisha Kandinsky, kwa kuwa ni Mrusi, aondoke Ujerumani. Walionana mara ya mwisho Stockholm mwaka 1916, na mwaka uliofuata akaoa mwingine. Münter aliumia sana, nami simlaumu. Miaka ya 1920 walivutana kupitia mawakili juu ya picha ambazo Kandinsky aliziacha kwa Münter, hata Kandinsky akarudishiwa sehemu tu ya kazi zake. Lakini ugomvi wa Münter ulikuwa na mtu, haukuwa na picha. Wanazi walipoidhalilisha sanaa ya kisasa kama hiyo hadharani mwaka 1937, wakiiita potovu, yeye aliificha katika ghorofa ya chini ya nyumba yake ya Murnau. Mwaka 1957, alipotimiza miaka 80, aliupa mji wa Munich kazi zaidi ya 1,000, zikiwemo zake mwenyewe.

Kinachonisikitisha ni kwamba wengi humkumbuka kama mtunzaji tu. Ukirudi Lenbachhaus, mwanangu, itafute picha ya mchoraji mwenzake Marianne von Werefkin, ambayo Münter aliichora mwaka 1909, yenye kofia kubwa na mandhari ya manjano, usimame mbele yake kwa utulivu, kisha uniandikie ulichokiona.

Mama yako